Kununua Mashua ya Moteri Iliyokwisha Kutumika

Ziwa Tanganika ni refu, tena lina kina kikubwa. Toka kaskazini mpaka kusini ni kilometa 670 hivi, na upana wake ni kilometa 50 hivi. Mahali penye kina kupita pote, mtu angeshusha kamba ya meta 1,470 kabla haijagusa chini. Duniani kote ni ziwa moja tu lipitalo kina hicho, nalo ni Ziwa Baikal la nchi ya Urusi. Nchi nne zapakana na Ziwa Tanganika: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Watu wa Uvira, wa Kalemie na wa Moba wanazijua sura mbili za ziwa hili. Asubuhi laweza kutulia kama maji ndani ya sahani. Jioni ya siku ile ile laweza kujaa mawimbi. Wakati wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Hapo mvuvi hana msaada ila vitu viwili: chombo chake na akili yake.

Wavuvi wa ndakala hutoka usiku pamoja na taa, maana mwangaza huwavuta samaki wale wadogo. Kabla ya jua kupanda ni lazima warudi, ili ndakala waanikwe siku ile ile. Mwenye makafi huchoka na kuchelewa. Kwa sababu hiyo wavuvi wengi wanatamani moteri.

Moteri itundikwayo nyuma ya mashua si kitu cha zamani sana. Mwaka 1909, huko Marekani, Ole Evinrude, mtu aliyezaliwa Norwe, alianza kuuza moteri za namna hiyo. Faida yake ni kwamba moteri yaweza kutolewa, kubebwa nyumbani na kutundikwa juu ya chombo kingine. Lakini moteri mpya ni ghali. Basi watu wengi hununua moteri au mashua iliyokwisha kutumiwa na mwingine.

Kununua kitu kilichotumika si kosa. Lakini mbuzi humkagua meno kabla ya kumnunua, na mahindi huyatazama kama yana wadudu. Itakuwaje basi mtu anunue bila kukagua kitu kitakachobeba uhai wake juu ya maji? Nguo mbovu ikipasuka, mtu huona haya. Mashua mbovu ikipasuka katikati ya ziwa, watoto hubaki yatima.

Tazama mfano huu.

Wavuvi wanne wa upande wa Moba waliweka fedha pamoja kwa miaka mitatu. Kila mmoja alitoa dola 375, na jumla ikawa dola 1,500. Wakasikia habari ya mtu auzaye mashua ya mbao ya meta 7, pamoja na moteri yenye nguvu za farasi 15. Bei yake ilikuwa dola 1,500, sawasawa na fedha zao. Wawili walio vijana walitaka kulipa siku ile ile. Lakini mkubwa wao, mzee aliyezoea ziwa, alisema: «Fedha ya miaka mitatu haitoki kwa siku moja. Tumwite fundi wa moteri, na tumwite seremala wa mashua. Na mjukuu wangu aje na daftari lake, aandike yote tutakayoyaona.» Mjukuu huyo alikuwa msichana wa darasa la sita, mwenye kujua hesabu.

1. Kutazama mbao

Mashua ilikuwa juu ya mchanga. Ilipakwa rangi mpya ya buluu, nayo iling'aa sana. Wale vijana wawili walifurahi. Seremala hakufurahi wala hakukasirika. Alisema tu: «Rangi ni nguo. Sisi twataka kuuona mwili.»

Kwanza alizunguka nje. Aliinama na kutazama mkuku, ule mti mrefu wa chini ushikao mashua yote, kama uti wa mgongo ushikavyo mwili wa mtu. Mkuku ulikuwa umenyoka. Kisha alitazama viungo vya mbao, mahali palipozibwa kwa pamba na lami. Halafu aliingia ndani, akainua mbao za kukanyagia, akatazama mataruma, yaani mbavu za mashua. Ndani ndipo ukweli hukaa, maana wauzaji wengi hupaka rangi nje tu.

Baada ya hayo alitwaa nyundo ndogo, akagonga ubao mmoja mmoja, polepole. Mti mzima hulia kwa sauti kali, kama mlango ugongwao. Mti uliooza hutoa sauti nzito, kama boga bovu. Mbao za ubavuni zililia vizuri zote. Lakini alipofika kwenye ubao wa nyuma, pale moteri inapotundikwa, pembe moja ilitoa sauti nzito.

Seremala alitaka kuchoma kidogo kwa ncha ya kisu, kwa kuwa mti uliooza hukubali kisu bila nguvu. Muuzaji akakataa. «Utaharibu rangi yangu,» alisema. Seremala hakushindana naye, kwa sababu mashua ilikuwa bado mali ya mwenyewe. Yule mzee alimwambia mjukuu wake: «Andika: ubao wa nyuma, pembe ya kushoto, sauti nzito. Weka alama ya kuuliza.»

Kwa nini ubao wa nyuma ni wa maana kupita zote? Kwa sababu moteri haisukumi maji tu. Inausukuma pia ubao ule kwa nguvu zake zote, saa baada ya saa. Mashua yaweza kuwa na mbavu nzuri, lakini ubao wa nyuma ukivunjika, moteri itaanguka ziwani, na maji yataingia kwa tundu kubwa.

2. Kulaza mashua majini

Muuzaji alisema kwamba mashua ilikuwa imekaa juu ya nchi kavu miezi miwili. Basi waliisukuma majini, wakaifunga kwa kamba, wakaiacha usiku kucha bila mtu. Asubuhi walikumba maji yaliyoingia, wakahesabu ndoo. Zilikuwa ndoo sita. Vijana waliogopa, wakasema: «Mashua hii inavuja kama kapu!»

Seremala aliwatuliza. Mti mkavu hunywea, na viungo vyake huachana kidogo. Ukikaa majini hunywa maji, huvimba, na viungo hukutana tena. Kwa hiyo mashua iliyokaa kavu siku nyingi haiwezi kuhukumiwa kwa usiku mmoja. Waliilaza usiku wa pili. Asubuhi walikumba ndoo moja na nusu tu. Kwa mashua ya mbao ya ukubwa ule, hiyo si mbaya.

Msichana aliandika: usiku wa kwanza ndoo 6, usiku wa pili ndoo 1 na nusu. Kama usiku wa pili maji yangekuwa ndoo sita tena, au kuzidi, ingekuwa alama ya tundu, au ya msumari uliolika kwa kutu.

3. Kutazama moteri kabla ya kuiwasha

Fundi wa moteri alifika, na jambo la kwanza alilofanya liliwashangaza wote. Hakuvuta kamba wala hakufungua kitu. Aliweka kiganja chake juu ya moteri. Ilikuwa ya moto.

«Umeiwasha leo?» aliuliza.

«Ndiyo, bwana fundi. Niliiwasha ili isiwasumbue,» alijibu muuzaji.

«Asante. Basi tutarudi kesho asubuhi. Tafadhali usiiguse.»

Fundi alikuwa na sababu. Moteri iliyochakaa huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi. Ikipata moto huwaka upesi, hata kama ni mbovu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hutaka kuikuta moteri ikiwa baridi, kama ilivyolala.

Siku ya pili moteri ilikuwa baridi. Fundi alianza kwa kusoma namba iliyopigwa juu ya kibao kidogo cha chuma. Msichana aliisoma namba hiyo katika karatasi ambayo muuzaji aliipata siku alipoinunua. Namba zilipatana. Jambo hili halidharauliwi. Namba ikiwa imekwanguliwa, au kibao kikiwa kimeng'olewa, yawezekana kabisa moteri hiyo imeibwa. Anunuaye kitu cha wizi kwa bei nafuu hupoteza fedha na heshima pamoja, maana mwenye mali akija na karatasi zake ataichukua.

Kisha fundi alitazama vichwa vya skurubu. Vilikuwa vizima. Vichwa vilivyolika huonyesha kwamba moteri ilifunguliwa mara nyingi na mtu asiye na vyombo vya kazi.

Halafu alitoa buji mbili. Buji ndiyo itoayo cheche ya kuwasha esanse ndani ya moteri, na rangi ya ncha yake husema habari nyingi. Ncha ya rangi ya udongo mwekundu-mweusi, kama ganda la karanga, ni alama njema. Nyeusi yenye kulowa yaonyesha mafuta yamezidi, au esanse haiungui vizuri. Nyeupe yaonyesha moteri inapata moto mno. Na kama buji ina matone ya maji au kutu, maji yanaingia mahali yasipopaswa kuingia. Buji hizi mbili zilikuwa na rangi njema, tena zilifanana. Kufanana ni jambo kubwa, maana kama moja ni nzuri na nyingine ni mbaya, upande mmoja wa moteri una ugonjwa.

Mwisho alikwenda chini, kwenye elisi, yaani yale mabawa yazungukayo majini na kuisukuma mashua. Bawa moja lilikuwa na pengo dogo, la kugonga jiwe. Aliizungusha elisi kwa mkono polepole, akitazama katikati yake. Mhimili wake haukuyumba. Basi haukupinda. Lakini nyuma ya elisi alikuta uzi wa nyavu umejiviringa sana.

Alifungua skurubu ya chini ya sanduku la meno, mahali magurudumu ya chuma yanapozunguka ndani ya mafuta mazito. Aliyakinga mafuta kidogo kwa kikombe cheupe. Yalikuwa meupe kama maziwa.

«Tazama,» alimwambia msichana. «Mafuta mazuri huonekana safi au meusi kidogo. Haya yamekuwa kama maziwa kwa sababu yamechanganyika na maji. Uzi wa nyavu umekata mpira uzuiao maji. Mpira wenyewe ni kitu kidogo. Lakini ukiachwa, maji yataleta kutu, na meno yote yatakufa.»

Aliipitisha skurubu kati ya vidole vyake, akitafuta vipande vya chuma. Hakuona hata kimoja. Basi meno yalikuwa bado mazima. Msichana aliandika: mpira wa elisi umekatika, meno mazima.

4. Kuwasha moteri

Moteri ya namna hii haiwashwi juu ya nchi kavu. Ndani yake mna pompi ndogo yenye mabawa ya mpira, ambayo huvuta maji ya ziwa ili kuipoza moteri. Pompi ikizunguka bila maji, mpira huungua kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo waliitundika moteri juu ya mashua iliyokuwa majini.

Kabla ya kuvuta kamba walipima esanse na mafuta. Moteri hii huchanganya mafuta ya moteri ndani ya esanse yenyewe. Karatasi ya waliotengeneza moteri ilisema: sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esanse. Maana yake, lita 10 za esanse zataka lita 0.2 ya mafuta. Mafuta yakipungua, vyuma vya ndani husagana na kufa. Yakizidi mno, moteri hutoa moshi mwingi na buji huwa chafu.

Fundi alivuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ilikohoa. Mara ya tatu, iliwaka. Kwa moteri baridi, hiyo ni njema. Moshi ulitoka mwingi kidogo, kisha ukapungua moteri ilipopata joto.

Fundi hakutazama moshi peke yake. Alitazama kijitundu cha pembeni, ambacho hutoa maji yaliyokwisha kupoza moteri. Maji yalirushwa kwa nguvu, bila kukatika. Aliweka kidole: yalikuwa ya vuguvugu. Kama maji hayatoki, moteri huzimwa mara moja. Kama yanatoka ya kuchemka, moteri haipozwi vizuri.

Aliiacha ikizunguka polepole dakika kumi. Haikuzimika. Aliitia mwendo wa mbele, kisha akaiachia, kisha akaitia mwendo wa nyuma. Iliitika bila kelele ya meno. Mwisho alivuta ile kamba fupi ifungwayo mkononi mwa nahodha. Moteri ikazimika papo hapo. Kamba hiyo huokoa watu. Nahodha akianguka majini, kamba huchomoka na moteri husimama. Bila hiyo, mashua hukimbia peke yake, au huzunguka na kumkata aliyeanguka.

5. Kuijaribu ziwani

Walingoja asubuhi yenye ziwa tulivu. Walichukua makoti ya kuelea, makafi manne, nanga, kamba, na kopo la kukumbia maji. Waliwaambia watu wa pwani njia watakayoipita na saa watakayorudi. Hawakwenda mbali. Mashua ambayo bado haijajulikana hujaribiwa karibu na nchi. Msichana alibaki pwani pamoja na daftari na saa.

Pwani pale palikuwa na miamba miwili, na kati ya mmoja na wa pili walikuwa wamepima kilometa 1 kwa kamba. Kwanza mashua ilikwenda tupu, na watu wawili tu. Ilipita kilometa ile kwa dakika 4. Msichana alifanya hesabu: saa moja ina dakika 60, 60 gawa kwa 4 ni 15. Basi mashua ilikwenda kilometa 15 kwa saa.

Vijana walipiga makofi. «Babu, tulipe!» walisema.

Mzee akatikisa kichwa. «Ninyi huvua mkiwa na mashua tupu? Leteni mchanga.»

Walijaza magunia kumi, kila gunia kilo 50, jumla kilo 500. Huo ulikuwa kama uzito wa nyavu, taa, vyombo na samaki wa usiku mwema. Wakaingia watu wanne. Sasa mashua ilikaa chini majini, kama ikaavyo siku ya kazi.

Safari hii walikwenda kilometa 1 upepo ukiwa nyuma yao, kwa dakika 5. Walirudi kilometa 1 upepo ukiwa mbele yao, kwa dakika 7. Jumla ni kilometa 2 kwa dakika 12. Dakika 60 zina 12 mara tano. 2 mara 5 ni 10. Basi mashua iliyobeba mzigo ilikwenda kilometa 10 kwa saa. Ndiyo sababu ni lazima kwenda na kurudi: upepo wa nyuma husifu moteri kupita haki, na upepo wa mbele huisingizia.

Waliendelea kuzunguka karibu na pwani mpaka saa nzima itimie, ili kupima esanse. Waligeuka kuume, wakageuka kushoto, wakapita juu ya mawimbi ya mashua nyingine. Moteri iliimba sauti moja tu, na maji ya kijitundu hayakukatika.

Saa ilipokaribia kutimia, aliyeshika kopo aliita: «Mzee, maji yanaongezeka huku nyuma!»

Fundi alipunguza mwendo mara moja. Wote wakatazama. Kila moteri iliposukuma, ubao wa nyuma ulicheza, na kwenye pembe ya kushoto rangi ya buluu ilikuwa imepasuka. Maji yalipenya pale. Walirudi pwani polepole, mmoja akikumba maji. Hawakuwa mbali, hivyo hawakupata hatari. Lakini kila mmoja aliwaza moyoni: ingekuwaje usiku, kilometa kumi toka nchi kavu, na upepo wa kiangazi?

Hata hivyo walimaliza kazi yao. Walijaza tangi tena kwa chombo cha kupimia, mpaka alama ya kwanza. Liliingia lita 6. Basi moteri ilikunywa lita 6 kwa saa. Msichana aliandika hesabu ya kazi: mahali pa kuvua ni kilometa 10, yaani saa 1 ya kwenda na saa 1 ya kurudi. Hizo ni lita 12. Lakini wavuvi wenye akili hugawa esanse mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu moja la kuweka kwa ajili ya upepo na taabu. Basi ni lita 18, na mafuta ya kuchanganya ni lita 0.36.

6. Kuamua

Sasa muuzaji alikubali kisu kitumike. Seremala alichoma pembe ile, na ncha ikaingia kama katika mkate. Chini ya rangi mpya, mti ulikuwa umeoza.

«Sikujua,» alisema muuzaji. «Niliinunua hivyo, nikaipaka rangi.»

«Twakuamini,» alijibu mzee. «Lakini sasa sote twajua.»

Daftari likasomwa kwa sauti, mbele ya wote. Moteri: nzuri, ila mpira wa elisi ubadilishwe. Mashua: mkuku na mbavu nzuri, ila ubao wa nyuma umeoza. Seremala alisema kwamba kuondoa ubao wa nyuma ni kazi kubwa, na mtu hajui ubovu umefika wapi mpaka afungue.

Wale wanne walikaa kando na kushauriana. Kijana mmoja alisema waache yote. Mwingine alisema wanunue yote kwa bei ya chini. Mzee aliwaonyesha njia ya tatu. Moteri na mashua ni vitu viwili. Wangeweza kununua kilicho kizima na kuacha kilicho kibovu.

Waliagana na muuzaji kwa moteri peke yake. Bei ilikuwa dola 900, kutoa dola 60 za kazi ya mpira. Ikabaki dola 840. Walikuwa na dola 1,500, kwa hiyo walibaki na dola 660 za kununua mbao na kumlipa seremala, awaundie mashua mpya. Muuzaji naye alipata fedha ya kuitengeneza mashua yake. Mzee alimwomba jambo moja: asiipake pembe ile rangi tena kabla ya kuubadilisha ubao, na mnunuzi atakayekuja aambiwe. Muuzaji akaahidi.

Waliandika hati ya mauzo, nakala mbili. Ndani yake mlikuwa na majina ya pande zote, siku, bei, nguvu ya moteri na namba yake. Mashahidi wawili walitia sahihi. Fedha ilihesabiwa mbele yao, si gizani wala njiani.

7. Cha zamani si kibaya daima

Mtu asidhani kwamba kila chombo cha zamani ni kibovu. Juu ya Ziwa Tanganika lenyewe kuna ushuhuda mkubwa. Meli iitwayo Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui wasiitwae. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashini zake grisi nyingi, ili maji yasizile. Mwaka 1924 Waingereza waliipandisha. Mashini zikakutwa zaweza kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ilianza safari tena kwa jina la Liemba. Ilibeba watu na mizigo ziwani kwa miaka mingi baadaye.

Miaka mingi chini ya maji haikuiua meli hiyo, kwa sababu watu walioitunza waliijua kazi yao. Lakini mashua nyingine hufa juu ya nchi kavu, chini ya rangi nzuri, kwa sababu hakuna aliyeitazama. Anunuaye asiulize tu, «Ina miaka mingapi?» Aulize, «Ilitunzwaje?» Kisha asingoje jibu la mdomo peke yake. Agonge, aguse, apime, aandike, tena aijaribu pamoja na mzigo wake.

Maswali

1. Kwa nini seremala aligonga mbao kwa nyundo? Mti mzima hutoa sauti gani, na uliooza hutoa sauti gani?
2. Usiku wa kwanza ziliingia ndoo sita, usiku wa pili ndoo moja na nusu. Eleza sababu.
3. Kwa nini fundi alikataa kuijaribu moteri iliyokuwa ya moto?
4. Mafuta yenye rangi ya maziwa yanaonyesha nini?
5. Kwa nini moteri haiwashwi juu ya nchi kavu?
6. Mashua tupu ilisifiwa na vijana. Magunia ya mchanga yalionyesha nini?
7. Mashua yenda kilometa 10 kwa saa na moteri yake inakunywa lita 6 kwa saa. Wavuvi watakwenda kilometa 15 na kurudi. Watatumia lita ngapi? Wakiongeza fungu la tatu la kuweka, wachukue lita ngapi?
8. Muuzaji alisema, «Sikujua.» Ni jambo gani la haki aliloahidi kulifanya baadaye?